Taji la Mkono wa Kaka

Nimai hakusema hapana. Angesema hapana, Shefali angejua pa kuanzia. Alichosema, huku amewapa wageni upande wa bega na macho kayatupa kwenye picha ya marehemu baba yao pale ukutani, ni kwamba yeye taji hatengenezi.

Wageni walikuwa wawili: Subal Nandi, mkata bangili wa Bishnupur, na mjomba wake, mzee mwenye fimbo na kikohozi. Walikuwa wametoka kwao alfajiri kwa basi, wamebeba chungu cha vitamu vya maziwa vilivyopikwa kwa sukari guru mpya ya mtende, na shati la Subal bado lilikuwa na mikunjo ya sandukuni. Mzee alidhani anataniwa. Akainua fimbo juu kwenye boriti, ambako mataji ya mabibi harusi na topor za mabwana harusi, zile kofia ndefu nyeupe zilizochongoka, zilining'inia mafungu mafungu kama vitunguu saumu, akasema nyumba hii kukosa taji ni sawa na mto kukosa maji. Akacheka peke yake.

Nimai hakucheka. Aliomba radhi, akasema kuna mtu anamngoja sokoni, akavaa kandambili zake akatoka.

Nyuma ya pazia Shefali alikuwa ameshika sinia la chai, na chai ikapoa hapo hapo mikononi mwake. Yeye alilielewa neno la kaka yake kuliko mzee yule. Pale Mohishdanga, katika ukoo wa akina Malakar, ambao tangu mababu kazi yao ni kuvika watu vichwa siku ya harusi, binti wa nyumba hajivishi mwenyewe. Taji lake hukatwa na baba yake. Baba akiwa hayupo, hukatwa na kaka yake, tangu kumenya ganda la kwanza hadi kufunga uzi wa mwisho, na yeye binti haligusi hata kwa kidole mpaka livikwe kichwani pake. Wala halinunuliwi dukani. Binti aliyetoka bila taji hilo ametoka kama hana watu. Na kwa watu, Shefali alikuwa na kaka huyo mmoja tu.

Kwa hiyo Nimai alikuwa amekataa, ila amekataa kwa njia ambayo huwezi kumjibu.

Umri wa Shefali ulikuwa miaka thelathini na mitatu. Wachumba waliwahi kuja. Mmoja Nimai alisema ni mrefu mno, mwingine alisema anatoka mbali, wa tatu alisema mama yake ana mdomo. Majirani walisema Nimai anamfuga dada yake kama ng'ombe wa maziwa, maana kila mtu alijua dada huyo anasaidia kazi. Lakini kwa Subal kasoro haikupatikana. Ni fundi mwenzao, ana nyumba yake, hanywi, hana deni wala kesi. Basi kilichobaki ni taji.

Subal alikuwa akikata makombe ya bahari kwa msumeno, akitoa humo bangili nyeupe wanazovaa wake za watu. Vumbi lake halikutoka kwenye nyusi hata aoge mara ngapi. Kazi yake ilikuwa pia kuwavisha mabibi harusi bangili hizo, kuubinya mkono kwa maji ya sabuni polepole mpaka bangili ipite bila kuumiza mfupa, na kwa hiyo aliijua mikono ya wanawake kama wengine wanavyozijua sura. Siku ya kwanza alipofika pale, miezi mingi iliyopita, alikuwa amemfuata mteja aliyekuja kuchagua taji. Shefali alikuwa ameketi kwenye jamvi, shina la shola, ule mmea wa majini unaotengenezewa mataji, kushoto, kisu kipana kulia, anaukata moyo wake mweupe kuwa utepe mwembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia humo. Subal aliutazama mkono ule mpaka mteja akamuuliza mara mbili kama amelala.

"Mkono wako," alimwambia Shefali wakati wa kuondoka, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya samaki, "ungeingia bangili ndogo kuliko zote nilizonazo."

Shefali hakuinua macho. "Mimi sijaolewa. Zirudishe bangili zako mfukoni."

"Najua hujaolewa. Ndiyo maana nimesema *ungeingia*."

Akaondoka. Na Shefali, ambaye hakuwahi kuharibu shina tangu utoto, aliharibu matatu jioni ile.

Sasa, Nimai akiwa ametoka, Shefali alimkuta Subal kando ya bwawa nyuma ya nyumba, pale mashina ya shola yalipoanikwa juu ya majani yakauke. Mjomba alikuwa amelazwa barazani, amefunikwa shali. Walisimama mbali kidogo, kama inavyopasa, kila mmoja anatazama maji. Subal alisema taratibu kwamba mji wa Katwa una maduka ya mataji, na mjini kuna ofisi ya serikali ambako watu huandikishwa ndoa bila taji wala kuhani. Alisema yeye yuko tayari kwa lolote. Hata kesho.

"Nimewavika wasichana wa wilaya nzima," Shefali alisema. "Wengine nilikuwa nawajua tangu wanatambaa. Leo mimi nivae la dukani, au nitoke kichwa wazi kama nimeiba kitu?"

"Sikusema umeiba."

"Nataka kutolewa, Subal. Sitaki kutoroka."

Alimtaja jina bila kukusudia. Halikuwa limewahi kutoka kinywani mwake mbele ya mwenyewe. Subal aligeuka, na kwa mara ya kwanza wakatazamana sawasawa, mchana kweupe, na Shefali akaona lile vumbi jeupe kwenye nyusi na chini yake macho ya mtu aliyechoka kusubiri lakini hajachoka na yule anayemsubiri. Aliinama akaligeuza shina moja la shola upande wa pili likauke.

"Basi nitangoja," Subal alisema. "Kombe nalikata siku nzima kwa msumeno wa mkono. Nikitumia nguvu linapasuka. Kazi ya kungoja naijua."

Walipoondoka, Basanti, mke wa Nimai, alichukua chungu cha vitamu akala viwili kwa hasira. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba mwanamume anayekimbilia sokoni siku ya Alhamisi, wakati soko ni Jumapili, ana jambo lake. Usiku ule alimpakulia mumewe wali na dengu, samaki akamweka kwenye sahani ya Shefali, kichwa na mkia. Nimai alikula alichopewa. Siku ya pili ikawa vilevile, wali bila samaki.

"Wifi," Basanti alimwambia Shefali wakisaga haradali, "mimi nimelala na huyu mtu miaka kumi na mbili. Mchoyo si mchoyo. Mkali si mkali. Lakini tangu wale watu waje, mchana nikisinzia anaamka. Anadhani nimelala. Anakwenda karakanani, anafunga mlango. Mimi nadhani ana mwanamke mle ndani, ila mwanamke gani atakaa kwenye vumbi lile?"

Akacheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka, akamtazama wifi yake. "Nenda wewe. Mimi nikienda nitampiga."

Shefali alienda siku iliyofuata, ile saa ambayo kijiji chote kimeshiba na hata mbwa wamelala. Mlango wa karakana ulifungwa kwa ndani, lakini kitasa chake alikijua tangu mtoto: ukikiinua kidogo kinaachia. Aliingia.

Nimai alikuwa ameketi kwenye jamvi la marehemu baba yao, kisu mkononi. Sakafuni, pande zote, kulikuwa na vipande vya shola. Si tepe. Vipande. Vingine vinene kama maganda ya muhogo, vingine vimechanika katikati, vingine vina rangi ya njano pale jasho la kiganja lilipoingia. Mashina mazuri kabisa ya mwaka ule, yale aliyoyachagua Shefali kwa mkono wake na kuyaweka kando, yalikuwa yamechinjwa. Gundi ya kokwa za ukwaju ilikuwa imemganda Nimai kwenye vidole, kidole gumba kimefungwa kitambaa, na kitambaa kina damu. Mbele yake kulikuwa na kitu kilichotaka kuwa ua.

"Funga mlango," alisema bila kuinua kichwa.

Shefali akafunga.

"Umeona sasa."

"Nimeona nini, kaka?"

"Usinifanyie adabu. Umeona."

Shefali akakaa chini palepale alipokuwa. Mambo yalimjia yenyewe akilini, moja likavuta jingine. Baba yao alipofariki wateja walikuwa wamejaa, msimu wa harusi umeanza. Yeye Shefali ndiye aliyeshika kisu, maana mikono yake ilikuwa na haraka. Nimai akashika wateja, maana alijua kuzungumza. Ilionekana ni mgawanyo mzuri. Wateja walimwita Nimai barazani wakamsifia taji, na dada mtu akasikia ndani, na hakuwahi kujiuliza. Alidhani kaka yake anajua, ila ana kazi nyingine. Kila mwanamume wa akina Malakar anajua.

"Lini uliacha?" akauliza.

"Sikuacha. Sikuwahi kuweza. Baba alikuwa ananirekebishia usiku, kesho yake anasema nimefanya mimi. Alipokufa nikasema nitajifunza. Wewe ukakata siku ile ile, watu wakaja wakasema, mkono wa Nimai huu, kama wa baba yake. Nikanyamaza. Mwanzo nilinyamaza kwa aibu. Baadaye nikazoea."

"Na wachumba?"

Nimai alikwangua gundi kwenye kidole. "Yule mrefu," akasema, "hakuwa mrefu sana."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Shefali, na haikuwa ndogo. Alimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Kwamba amemkalisha nyumbani kwa ajili ya kisu. Kwamba ameona nywele nyeupe ya kwanza kichwani mwake akiwa anashona maua ya harusi ya mtoto wa mtu mwingine, na kaka yake anapokea sifa nje. Kwamba angemwambia tu, siku yoyote kati ya siku zote hizo, angemwambia tu. Nimai alisikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea, na pengine kama angejitetea, dada yake angetoka nje akaenda zake mpaka Bishnupur kwa miguu.

Badala yake alisema, "Nikilitengeneza mimi watajua wote. Litaonekana tu. Utavaa kichekesho siku ya harusi yako."

"Ndicho kilichokuzuia?"

"Ningekuwa najua kukata, ungekuwa umeolewa zamani. Naapa mbele ya baba."

Shefali alifuta uso kwa ncha ya sari. Alikitazama kile kitu kilichotaka kuwa ua. Kilikuwa kibaya kweli. Lakini kilikuwa na petali tano, na mtu aliyezikata alikuwa amejikata yeye mwenyewe kwanza.

"Tengeneza hivyo hivyo," akasema.

"Watacheka."

"Watacheka jioni moja. Nikibaki hapa watanicheka mpaka siku ya kuchomwa maiti yangu. Chukua shina jingine, kaka. Si hilo, hilo gumu, ni la kuni. Lile jepesi. Libonyeze."

Akauona mkono wake mwenyewe unanyooka kulichukua. Akaurudisha. Kisha akafanya jambo ambalo Basanti, aliyekuwa akichungulia kwenye ufa, alilihadithia mtaa mzima miaka mingi baadaye: aliiweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja akaikalia.

"Mila imenifunga mikono," alisema. "Mdomo haikuutaja. Haya. Usisukume kisu. Kisu kinakaa, shina ndilo linalozunguka. Polepole. Wewe unazungusha kama unamtekenya mtoto, si kama unakama ng'ombe."

Utepe wa kwanza ulikatika, na wa pili pia. Mmoja ulitoka mrefu kama kiganja, mnene lakini mzima, na Nimai akaushika juu kwenye mwanga kama mtu aliyevua samaki.

Wiki zilizofuata zikapita hivyo, mchana kwa mchana. Nimai alipanda basi mwenyewe kwenda Bishnupur kupeleka jibu na kuomba radhi. Subal hakumuuliza kitu, alimpa tu uzi aliojipimia kichwa, kwa ajili ya topor, kwa kuwa topor hutoka nyumbani kwa bibi harusi na hiyo Shefali hakukatazwa kuigusa. Basi upande mmoja wa karakana kaka aliketi na taji lake, anatoka jasho, anatukana chini kwa chini. Upande wa pili dada aliketi na topor, na anakosoa bila kugeuza shingo, kwa kuisikiliza sauti ya kisu tu. Unabana. Unaharakisha. Hapo sawa. Topor ile aliikata kwa mapenzi yasiyo na haya. Kila alipoupima uzi wa kichwa kile, aliuzungusha kwenye vidole vyake kwanza, akaona joto, akacheka peke yake.

Nimai alimrudishia mkewe utani pia. Siku alipomaliza tabaka la kwanza alidai samaki wake. Basanti akampa mkia.

Harusi iliangukia mwezi wa Phalgun, saa ile ng'ombe wanaporudi na vumbi linakuwa la dhahabu. Bwana harusi alipofika mlangoni na kuvikwa topor, uwanja mzima uliinua shingo. Ilipanda juu kama mnara, nyeupe tupu, maua yake membamba hata yakatetemeka Subal alipopumua. Bibi Lahiri, aliyewaoza binti zake wote watatu kwa mataji ya nyumba ile na hakuacha mtu asahau, alisema mkono wa Nimai haujawahi kukosea, lakini leo umejipita.

Kisha wakamtoa Shefali kwa mlango wa ndani, sari nyekundu, mwili unang'aa manjano aliyopakwa asubuhi. Na kichwani, taji.

Lilikuwa limelalia kushoto. Ncha moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Maua yalikuwa manene, na pale katikati, kwenye paji la uso, gundi ilionekana. Wanawake walitazamana. Mmoja, shangazi wa upande wa mume aliyezoea kusema, akauliza wenzake kwa sauti ambayo haikuwa ndogo vya kutosha kwamba, haya, topor kafanya kaka mtu, taji kafanya nani, mbuzi?

Kicheko kikapita uwanjani. Nimai alikuwa amesimama karibu na kuhani, kanzu mpya, kidole gumba bado na kovu. Shefali alimwona anatazama mlango. Akafikiri, ataondoka. Atavaa kandambili zake.

"Nimefanya mimi," Nimai alisema.

Watu walidhani anaendeleza mzaha.

"Hilo taji ndilo la kwanza nililolitengeneza peke yangu maishani. Topor hii kafanya yeye. Na zote mlizonisifia tangu baba afariki, kafanya yeye. Za binti zako pia, Bibi Lahiri. Mimi nilikuwa napokea wageni."

Hata mpuliza baragumu la kombe alilishusha. Basanti aliweka mkono mdomoni, na juu ya mkono ule macho yake yalikuwa yamejaa, na tangu siku ile mumewe hakukosa samaki.

Bibi Lahiri aliinuka, na kwa unene wake kuinuka kulichukua muda. Alikwenda mpaka kwa Shefali, akamgusa kidevu, akazibusu ncha za vidole vyake mwenyewe, kama mama anavyombusu binti. Alisema kwa muda wote huo amekuwa akimshukuru mtu mwingine na haya imemshika. Alisema ana wajukuu wa kike wanne, na wote wataletwa Bishnupur wakavikwe, na atakayeuliza kazi ni ya nani ataambiwa jina. Halafu akamgeukia yule shangazi, akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Na hili hapa," akasema, akionyesha taji lililolala upande, "mimi sijawahi kuona ghali kuliko hili. Kama wewe ulikatiwa na kaka yako, tuonyeshe lako."

Shangazi akatafuta tambuu yake mkobani. Ndipo vigelegele vilipoanza, kwanza Basanti, kisha uwanja mzima, na baragumu likalia mpaka njiwa wakaruka kwenye paa.

Wakamkalisha Shefali kwenye ubao. Nimai alishika upande wa mbele, binamu watatu wakashika sehemu zao, wakamwinua juu juu. Alijifunika uso kwa majani mawili ya tambuu, kama inavyotakiwa, na kwenye giza la kijani la majani yale alihisi ubao ukipanda na kushuka, akasikia kaka yake anahema, akahisi taji linazidi kuteleza kwenye sikio la kushoto. Nimai aliliona. Alinong'ona kwamba asubiri, aliweke sawa.

"Liache," Shefali alinong'ona. "Limekaa."

Wakiwa wamembeba hivyo, wakamzunguka bwana harusi mara saba. Wakasimama. Kuhani akasema sasa watazamane.

Shefali alishusha majani.

Subal alikuwa amesimama chini ya topor yake, na ile kofia ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Vumbi jeupe lilikuwa pale pale kwenye nyusi. Hata leo halikutoka. Alikuwa amewaona mabibi harusi wengi kuliko mtu yeyote uwanjani pale, ameshika mikono yao, amewavisha. Sasa alimtazama Shefali, na hakutazama taji hata kidogo.

Bibi harusi hufundishwa kushusha macho haraka. Shefali alifundishwa pia. Lakini alikuwa juu kwenye mabega ya kaka yake, na jioni ilikuwa na mwanga wa kutosha, na kungoja kulikuwa kumekwisha. Hakuyashusha. Alimtazama mume wake mpaka wanawake wakaanza kucheka, mpaka kuhani akakohoa, mpaka Nimai aliyekuwa chini ya ubao akasema mabega yanamuuma jamani, na bado akamtazama.